Mchungaji, bili hii ni ya Yesu au ni yangu?

Msomaji mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia hivi:

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 31 na ni karani wa stoo katika kampuni moja ya Industrial Area. Kuna msambazaji anayetuletea katoni pungufu, kisha tunatakiwa kutia sahihi kwamba zimetimia. Kila Ijumaa inazunguka bahasha 'ya soda'. Mimi sitii sahihi na bahasha siigusi. Mwaka jana nafasi ya msimamizi alipewa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Siku hizi naitwa Mama Mchungaji, na nikiingia wanakata mazungumzo. Mchumba wangu aliniacha kwa sababu nilikataa kuhamia kwake kabla ya harusi. Mshahara wangu ni 42,000. Natoa fungu la kumi 4,200, ahadi ya jengo la kanisa 3,000 kila mwezi, na nauli ya makesha kama 1,600. Nyumbani natuma 3,000, na baba ana kisukari. Ndugu zangu wanasema dini imeniharibu. Habari za bahasha sijawahi kuwaambia, wataniona mjinga. Kiongozi wa ushirika wetu naye anasema shida zangu za kazini zinatokana na ahadi ambayo sijaimaliza. Najua Yesu alisema tubebe msalaba. Lakini nitajuaje kama gharama hii ni ya msalaba au ni ya ujinga wangu? Na nitalipa mpaka lini?"

Amina, binti yangu.

Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Wewe ni mtu wa stoo, na umeniuliza swali la stoo: mzigo umeshushwa mlangoni, watu wanakuhimiza utie sahihi kwamba wote ni wako, na wewe unataka kuuhesabu kwanza. Haya, tuuhesabu. Mimi naona katoni zimechanganywa. Kuna zilizotoka kwa Yesu, kuna zilizotoka kanisani kwenu, na uniwie radhi, nashuku kuna moja iliyotoka mdomoni mwako. Hiyo ya mwisho naijua kwa sababu niliwahi kuibeba mwenyewe.

Usiogope kuhesabu. Kuna wapendwa watakaokuambia kwamba anayehesabu hana imani, lakini katika Luka 14:28 Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Ninalipenda sana hilo neno kuketi. Sisi watu wa Nairobi hatuketi. Tunakata mashauri makubwa ya maisha tukiwa tumening'inia mlangoni mwa matatu, Jogoo Road, saa kumi na mbili asubuhi.

Tuanze na stoo, kwa kuwa hapo sina wasiwasi. Ukiandika kwamba umepokea katoni 200 ilhali zilizoshuka ni 180, umetoa ushahidi wa uongo, na katoni 20 zimeibwa kwa kalamu yako. Hili halihitaji mfungo wa siku tatu. Na ile bahasha, hata iitwe ya soda, ndiyo mshahara wa hiyo kalamu. Cheo ulichokosa, jina ulilobandikwa, ukimya unaokupokea ukiingia: hizo ni gharama za imani, na usikubali mtu akuambie vingine.

Tena angalia jinsi Luka anavyoandika. Katika Luka 9:23 Yesu anasema anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku. Mathayo na Marko wanayo maneno hayo hayo, ila "kila siku" hawana. Ni Luka peke yake aliyeyaweka, na ukiyatafakari utaona hayakai vizuri pale. Katika dola ya Rumi, mtu aliyeonekana njiani amebeba msalaba hakuwa wa kurudi nyumbani kula chajio. Msalaba ulibebwa mara moja, basi. Utaubebaje Jumatatu, na Jumanne tena? Nimesikia mahubiri mengi yakilipita neno hilo mbio. Mimi naamini limewekwa kwa ajili ya watu wa hali yako. Wale vijana wa Uganda waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao walisimama siku ile mara moja, na mpaka leo watu wanatembea kwa miguu kutoka Kenya kwenda kuhiji huko kila tarehe 3 Juni. Wewe unasimama kila Ijumaa jioni bahasha ikipita, na hakuna atakayekuja kuhiji Enterprise Road.

Lugha yetu inajua jambo hili vizuri. Shahidi ni aliyeuawa kwa ajili ya dini yake, na shahidi huyo huyo ndiye anayesimama mbele ya hakimu kusema alichokiona. Kigiriki cha Agano Jipya kilianzia hapo hapo: martus alikuwa shahidi wa kawaida wa kesi kabla neno halijapata damu. Hati ya kupokea mzigo ni ushahidi. Unaposema ni 180, umeingia katika ukoo huo, ingawa wewe unalipa kwa cheo tu na shingo yako iko salama.

Kanisani huenda hawajakuambia kwamba sheria ya nchi nayo iko upande wako. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haiishii kwa polisi wa barabarani na maofisa wa serikali. Kampuni za watu binafsi nazo zimo. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na adhabu inafika miaka 10 gerezani, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mwenye mamlaka katika kampuni akijua au akishuku hongo anatakiwa kuitaarifu Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Wajibu huo umemwangukia meneja wenu kabla haujakufikia wewe. Sheria hiyo hiyo inafanya kuwa kosa kumtisha, kumshusha cheo au kumfukuza mtu kwa sababu ametoa habari. Na siku wakitaka kukuachisha kazi kwa kukusingizia utovu wa nidhamu, Sheria ya Ajira ya 2007 inawalazimu wakueleze sababu na kukusikiliza kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Ukionewa, una miaka 3 ya kufikisha madai yako mahakamani.

Sikutumi Integrity Centre, kwenye ofisi za Tume hiyo, kesho asubuhi. Najua sheria ni karatasi, na mwenye nyumba wako hapokei karatasi ikifika tarehe 5. Nakuambia ili usijione mwendawazimu pekee ndani ya stoo, na ili ujue kwamba siku wakaguzi wakija, yule kijana wa bahasha ndiye mwenye sahihi kwenye ile hati.

Ila jinsi unavyokataa naomba uibadilishe kidogo. Umeandika kwamba hutii sahihi. Binti yangu, tia sahihi! Andika idadi iliyoshuka, kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe, na saa, na namba ya lori, kisha mwombe dereva naye atie yake. Karatasi uliyoiacha tupu bosi atampa mwingine aijaze. Karatasi yenye 180 haina kazi kwake. Danieli kule Babeli hakuipindua meza ya mfalme. Aliomba ruhusa, na alipoona mkubwa wake anaogopa kukatwa kichwa, akaleta pendekezo: tujaribu siku 10, kisha utazame nyuso zetu. Alimfikiria hata yule mtu aliyekuwa akimlisha chakula asichokitaka.

Mimi sikumfikiria wangu. Kabla ya uchungaji nilikuwa karani katika yadi ya kampuni moja ya malori, jina lake tuliache. Ilikuwa mwaka 1994. Nilitakiwa kuandika lita za dizeli ambazo hazikuingia kwenye tangi lolote. Nikakataa, na hapo nilifanya vyema. Lakini nilikataa saa ya chakula, mbele ya madereva na wapiga rangi, nimesimama juu ya benchi. Nikamwita mkubwa wangu mwizi, nikamtajia na mstari wa Biblia. Jioni nilikuwa langoni nimeshika barua. Kwa miaka mingi nilitoa ushuhuda huo makanisani jinsi nilivyoteswa kwa ajili ya Kristo, na watu wakipiga makofi. Siku moja mzee mmoja wa ushirika wetu, mtu wa maneno machache, akanishika mkono tukitoka, akaniambia: "Dizeli uliikataa kwa ajili ya Yesu. Benchi ulilipanda kwa ajili yako."

Nilimkasirikia mwezi mzima. Baadaye nikaenda kusoma 1 Petro 4:15, pale mtume anapowaonya waumini: asiteswe mtu kama mwuaji, au mwizi, au mtenda mabaya, kisha anamtupia humo humo kwenye orodha yule anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Mwuaji na mdaku kwenye mstari mmoja! Petro alijua kwamba waumini tunaweza kujitafutia mateso kwa ulimi, kisha tukampelekea Mungu bili.

Sijui kama wewe umepanda benchi. Lakini watu hawaitwi Mama Mchungaji kwa kukaa kimya. Huwa unasema nini bahasha ikipita? Ukisema "asante, hapana" na kurudi kwenye kazi yako, basi jina hilo ni la bure, livumilie. Ukiambatisha mahubiri, punguza. Na bado ule nao chakula cha mchana, uwaulize habari za watoto wao, umchangie mwenzako akifiwa. Yule kijana aliyepewa cheo chako, endelea kumfundisha kazi. Najua ninachokuomba ni kichungu. Ndiyo maana nasema hiyo nayo ni sehemu ya gharama ya kweli, na ni ghali kuliko cheo.

Kuna kitu kingine kuhusu ile barua ya langoni nilichokiona nikiwa nimechelewa. Kwa miezi 14 nilikuwa bila kazi, na miezi yote hiyo mke wangu aliamka saa kumi usiku kwenda kuchukua nyanya na sukuma wiki, akauza Kariobangi na mtoto mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa na ushuhuda. Yeye ndiye aliyekuwa na magoti yaliyovimba. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Nilihesabu gharama ya mnara kwa mfuko wa mtu mwingine, na wala sikuketi naye.

Hapo ndipo barua yako inanitia wasiwasi kuliko pale stooni. Nilijumlisha: 4,200 na 3,000 na 1,600 ni 8,800. Baba mwenye kisukari, 3,000. Na kiongozi wako anakuambia kwamba stoo inakutesa kwa sababu hujamaliza ile ahadi ya jengo.

Mimi ni mchungaji, ugali wangu unatoka kwenye sadaka, kwa hiyo ninachosema sasa nakisema kwa hasara yangu. Maneno ya kiongozi huyo si kweli. Stoo inakutesa kwa sababu kuna wezi na wewe si mwizi. Jengo halihusiki hata kwa tofali moja. Atakayekuambia kwamba Mungu amekunyima cheo kwa deni la shilingi 3,000 amemgeuza Mungu kuwa yule msambazaji wenu: ukitoa kitu, mzigo unapita.

Soma Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Palikuwa na watu waliowaambia wazazi wao kwamba mali ambayo ingewasaidia ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na viongozi wa dini wakakubali kwamba basi, baba na mama hawana chao tena. Yesu aliwakemea. Alisema wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Hakusema sadaka ni mbaya. Lakini mimi namwelewa hivi: sadaka iliyomnyang'anya mzazi haina mpokeaji mbinguni. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:8, anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Ni maneno mazito ambayo sijayaona yamebandikwa ukutani mwa kanisa lolote karibu na ile namba ya paybill.

Na kuhusu fungu la kumi, kwa kuwa najua utauliza: Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni mwa mji, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, washibe. Zaka ya Biblia ilikuwa na mdomo wa mwenye njaa ndani yake tangu mwanzo. Wewe ni mtu mzima, utaamua mwenyewe mbele za Mungu. Mimi ningelitoa fungu kwa furaha, ningekwenda kwa wazee wa kanisa na kuwaambia waziwazi kwamba ahadi ya jengo imenishinda kwa sasa kwa sababu baba ni mgonjwa, na 3,000 hizo zingeelekea kwenye dawa. Makesha ningebakiza moja kwa mwezi. Mtu anayekesha Jumatano na Ijumaa kisha anahesabu katoni akiwa na usingizi atakosea siku moja, na siku hiyo watasema aliyeokoka naye ni mwizi. Wazee wakikuelewa, shukuru. Wakikutangaza mbele ya watu kwamba umerudi nyuma, utakuwa umejifunza jambo kuhusu kanisa hilo ambalo ni afadhali ulijue ukiwa na miaka 31 kuliko ukiwa na 50.

Ukumbuke pia ndugu zako wanaona nini. Wanaona dada anayekesha na baba anayekosa dawa. Kwa macho yao, dini imekuharibu, na kwa kipande hicho cha mambo walichokiona hawajakosea sana. Kile kipande kingine umekificha.

Kuhusu mchumba, sina hila ya kukufundisha. Ulitaka kuanza ndoa kwa njia unayoiamini, yeye hakutaka kungoja, akaenda. Uchungu wa Jumapili jioni, ukitoka ibadani na kufungua kufuli la nyumba ambayo hakuna mtu, sijui mstari wa Biblia unaouondoa. Siwezi kukuahidi kwamba Mungu atakuletea mwingine aliye bora. Wanaoahidi hivyo madhabahuni hawajaonyeshwa barua yoyote. Lililo langu kukuambia ni kwamba huo si ujinga. Ulijua bei, ukalipa, na inauma. Lia ukitaka kulia, na usimruhusu mtu akuambie kwamba machozi ni kukosa shukrani.

Uliuliza mpaka lini. Tarehe sina. Lakini najua ni nani huwa hafiki mbali: anayelipa peke yake, kimya. Nitakupa mfano wa nyumbani. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walikuwako Wakikuyu wa uamsho ambao hawakukubali kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliompinga mkoloni, kwa kuwa waliona wamekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pake na haiwezekani kunywa nyingine. Serikali ya mkoloni ilipowapa bunduki wajilinde, wengi wao wakazikataa nazo, wakisema hawawezi kumuua ndugu yao. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa. Kama unawaona walikosea kuhusu nchi, una haki, na mimi mwenyewe nina maswali yangu. Wenzao waliokuwa msituni walikuwa na kilio cha haki cha mashamba yao. Ninachokuonyesha ni namna walivyoweza kustahimili. Walikuwa na ushirika wa kukutana mara kwa mara, ambapo mtu aliweka mambo yake nuruni: leo nimeogopa, leo nimemchukia jirani, leo nimetamani kukubali yaishe. Walisikilizana, wakaimba, wakaombeana. Hofu ikishasemwa mbele ya watu wanne hupungua uzito.

Wewe una kesha la watu wengi na spika mbili kubwa, na katika barua yako yote sijaona mtu mmoja anayejua kwamba Ijumaa jioni tumbo linakusokota. Mtafute. Wawili au watatu wanatosha, hata wakiwa si wa kanisa lenu. Nina hakika kuna mhasibu mahali fulani Mombasa Road, au nesi Eastleigh, anayepitishwa bahasha yake na kudhani yuko peke yake. Kutaneni kwa chai, mseme kiasi mlichokataa na kiasi mlichotamani kukubali. Mkianza kutajiana majina ya wakubwa wenu na kuwasengenya, vunjeni kikao mwende nyumbani.

Halafu panda gari uende kwa baba. Usiende na mahubiri, na usiende na ndugu zako wote kwa mkupuo, anza naye. Beba karatasi yenye hesabu yako, 42,000 juu na kila kitu chini yake, pamoja na ile bahasha usiyoipokea na cheo ulichokikosa. Mwambie kwamba fedha za dawa zitaongezeka na zitatoka wapi. Mwambie pia kwamba siku moja huenda ukapoteza hiyo kazi, na kwa nini, kisha umuulize anaonaje. Huenda akakuita mjinga. Huenda pia akakusimulia jambo la ujana wake ambalo hajawahi kumwambia mtu. Wazee wetu wana stoo zao, na funguo hawazitoi mpaka waulizwe.

Ukirudi Nairobi, niandikie alichosema.